Chachu Iliyotoweka Firenze

Jumanne, saa tisa na dakika tano alasiri, mzee Teresio Allasia alifungua friji ndogo iliyo kando ya kiti cha dereva wa basi, akatoa boksi lake la mbao, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na chembe za unga pembeni, basi. Alikifunga kifuniko, akakiinua tena, akatazama kwa muda. Kisha akaketi kwenye ngazi ya basi huku mvua ikimnyeshea magoti, na waliokuwa nyuma yake wakakosa pa kupita.

Delfina Quaglia alikuwa mlangoni akihesabu vichwa. Alikuwa inspekta wa polisi mstaafu, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, na kila Januari chama cha waokaji wa Castelverna kilimwita aongoze safari yao ya juma moja. Walidai kwamba mtu aliyezoea kuhesabu mahabusu hawezi kumsahau mwokaji chooni.

"Imechukuliwa," Teresio alimwambia.

Delfina hakuuliza nini. Basi zima lilijua kilichokuwemo: chachu ya Allasia, donge la unga na maji lenye ukubwa wa ngumi mbili, lililoviringwa kwa kitambaa na kukazwa kwa kamba. Bibi yake Teresio aliianzisha mwaka 1911, na tangu siku hiyo haijakosa kulishwa unga mpya na maji mapya. Hamira inauzwa kila duka, lakini chachu ya namna hiyo hurithiwa. Ikiachwa siku mbili bila kulishwa huwa kali kupita kiasi, na panettone, ule mkate mrefu mtamu wa Krismasi unaowalisha watu wa Castelverna, hauinuki tena ipasavyo. Teresio alikuwa akiipeleka Napoli, kituo cha mwisho, kwa binti yake Loredana, ambaye Jumapili angefungua duka lake la mikate huko. Lile la Teresio mwenyewe, la Castelverna, lingefungwa mwisho wa mwezi. Safari ilikuwa na siku nne zaidi: wangelala Siena siku mbili, Roma siku mbili, na Jumamosi waingie Napoli.

Kwa hiyo Delfina alikuwa na kazi ya siku nne, ila chachu ilikuwa na siku mbili tu za kuishi kama aliyeichukua hakuwa na akili ya kuilisha.

Aliwakalisha watu wote vitini, akatoa daftari, akaanza na mwenye mali. Teresio alieleza kwamba aliilisha asubuhi saa kumi na mbili katika chumba chake cha hoteli huko Bologna, na saa mbili akaiweka kwenye friji ya basi. Walifika Firenze saa tano. Watu walishuka, wakatawanyika, wakaambiwa warudi saa tisa. Delfina akamwuliza ni nani mwingine huwa anaishika.

"Aishike nani? Chachu ni ya Allasia. Tangu baba afariki, huu mwaka wa arobaini, ni mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Sijawahi kukosa." Kisha akamwelekeza kidole dereva, bila kushusha sauti. "Funguo za basi anazo huyu. Jumamosi tukifika Napoli kama haijapatikana, naenda naye polisi."

Dereva, Nevio Sartor, alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kazi hiyo alikuwa nayo kwa majuma matatu tu. Delfina alimchukua nje, chini ya paa la kibanda cha maegesho, kwa sababu mtu huongea vizuri zaidi akiwa mbali na anayemshutumu. Nevio alisema alilifunga basi saa tano na robo. Alilifungua mara moja tu, saa saba na dakika kumi, mvua ilipoanza. Waokaji wawili walikuwa wamerudi: Egidio Bonfante alitaka mwavuli wake na Armida Sacco alitaka skafu ya mzee Teresio. Mwavuli ulikuwa ndani ya basi, na skafu ilikuwa kwenye sanduku la Armida, kwa hiyo akafungua mlango na buti la mizigo.

"Na wewe ulisimama hapo wakati wote?"

Nevio akatazama viatu vyake. "Nilikwenda haja. Dakika tano, Inspekta, haizidi sita. Niliporudi wote wameshaondoka, nikafunga."

"Ukaacha kila kitu wazi."

"Niliwaachia waokaji wawili waliozeeka. Nani angefikiri? Tajiri wangu akisikia, mimi sina kazi. Jumapili nilibeba masanduku yenu ishirini na matatu, moja moja, hilo la Bi Armida nusura linivunje mgongo, sikunung'unika. Sasa niende jela kwa ajili ya unga uliochacha?"

Delfina akaandika: saa 7:10 hadi 7:16, basi wazi, watu wawili. Alimwamini kuhusu haja. Mtu anayetaka kudanganya hutunga udhuru wenye heshima zaidi.

Aliporudi ndani, alitaka kuzungumza na Armida Sacco. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, mfanyakazi wa tanuri la Teresio tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikaa kiti cha saba na mkoba mapajani. Hata kabla Delfina hajafungua kinywa, Teresio aliingilia kati kutoka kiti cha mbele.

"Huyo mwache, usipoteze muda. Armida ni wa nyumbani. Nilimtuma skafu, akaniletea skafu."

"Ni kweli," Armida alisema. "Nilimletea skafu."

Ilikuwa shingoni mwa Teresio wakati huo, ya rangi ya kijivu, imelowa. Delfina akaandika jina la Armida na saa, kisha akahamia kiti cha tisa.

Hapo aliketi Egidio Bonfante, mwokaji wa upande wa pili wa uwanja wa Castelverna, mnene, mcheshi, na kwa wenzake mtu aliyekosa haya. Kwa waokaji wa kule, chachu haiombwi. Mwenyewe akipenda atakukatia kipande. Asipopenda, unakaa kimya mpaka mmoja wenu afe. Egidio alikuwa ameomba mara tatu katika miaka thelathini, mara moja msibani. Alipoulizwa alifanya nini ndani ya dakika zile sita, alijibu kwamba alichukua mwavuli, akaondoka, akamwacha Armida amepiga magoti mbele ya buti akihangaika na zipu ya sanduku.

"Nikitaka kuiba, ningeiba Castelverna," alisema. "Dirisha la nyuma la Teresio halifungi tangu enzi za baba yake."

Delfina akawaomba wote waonyeshe mikoba yao ya mkononi, nao wakaonyesha. Alipotaja masanduku, Egidio akasimama.

"Inspekta, wewe ni mstaafu. Sanduku langu utalifungua ukija na hati ya hakimu."

Nusu ya basi wakaguna kwa kumwunga mkono, nusu wakamtazama kwa jicho lingine. Huyo ndiye mwizi, wengi waliamua, na kuanzia Firenze hadi Siena hakuna aliyekaa naye. Nevio aliendesha bila kuwasha redio.

Usiku huo Delfina aliipanga hoja yake kitandani kama alivyozoea, kutoka mwisho kuja mwanzo. Aliyetaka kumkomoa Teresio tu angekuwa ameshaitupa chachu mtoni, na hapo hakuna upelelezi utakaoirudisha. Aliyeitaka kwa matumizi lazima ailishe. Kulisha kunataka unga, maji, bakuli, na saa maalumu. Mtu anaweza kuficha kitu kinachokaa tu, lakini kitu kinachokula mara mbili kwa siku kinaacha alama. Kwa hiyo aliacha kutafuta chachu, akaanza kutafuta chakula chake.

Jumatano asubuhi alishuka mapokezi ya hoteli, Siena, kupokea malalamiko, kwa sababu kiongozi wa safari hulipwa hasa kwa ajili ya kupokea malalamiko. Hoteli ilikuwa jengo la zamani lenye kuta za mawe, na nje theluji nyepesi ilikuwa imeanza. Vyumba kumi na tisa vililalamika baridi. Chumba namba kumi na nne peke yake kilitaka kinyume: mwenye chumba alikuwa ameomba hita izimwe kabisa tangu jioni iliyotangulia.

"Ni yule mama mwembamba," msichana wa mapokezi alisema. "Anasema joto linamwumiza kichwa."

Delfina aliona ni jambo la ajabu kidogo kwa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minane mbele ya tanuri. Lakini watu wana vichwa vyao, na asubuhi hiyo alikuwa na habari kubwa zaidi: mmoja wa waokaji alikuwa amemwona Egidio, jana Firenze, akitoka dukani na mfuko wa unga wa kilo moja.

Alimkuta Egidio peke yake kwenye baa ya hoteli, akinywa kahawa amesimama, uso umemshuka. Safari hii hakudai hati. Alimpeleka Delfina chumbani, akafungua sanduku, akamtolea mfuko. Ulikuwa wa karatasi, umeshonwa kwa uzi kiwandani, na uzi haujaguswa.

"Unga wa Toscana," alisema. "Nilitaka kuujaribu nyumbani. Nilikataa jana kwa sababu ya hiki." Akainua shati lililokunjwa sandukuni, na chini yake mlikuwa na kopo la hamira ya dukani, la ukubwa wa kilo. "Naitumia kwa mikate ya kila siku. Naibeba kwa sababu, mwanangu akibaki nayo peke yake, anaionyesha kwa wateja. Miaka thelathini nawaambia watu natumia chachu. Sasa umeniona. Niandike."

Delfina hakuandika. Mfuko uliofungwa hauwezi kulisha kitu tangu jana saa saba, na mtu aliyeshika chachu ya Allasia hangeng'ang'ania kuficha kopo la hamira. Akamwomba Egidio arudishe shati mahali pake. Mwizi wa basi zima alikuwa mtu mwenye aibu tu, na Delfina alimhurumia.

Siku ikapita. Walitembezwa Siena, wakala, wakalalamikia mkate wa Toscana usiotiwa chumvi kwa maneno ambayo wenyeji walikuwa na subira ya kutoyajibu. Teresio hakula. Alikaa mezani na boksi tupu magotini, na kila baada ya muda alimwuliza Delfina zimebaki saa ngapi. Kwa hesabu yake, chachu isingefika Alhamisi mchana. Alikuwa ameanza kuzungumza juu yake kama mgonjwa aliye hospitali ya mbali. Armida alimkatia nyama, akamsogezea sahani, akala yake.

Alhamisi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha kifungua kinywa, ikaletwa trei ya mkate bapa wa mafuta ya zeituni na chumvi ya mawe, bado una moshi. Waokaji waliushambulia. Delfina alimsogezea Teresio kipande, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa kahawa, naye akakitia mdomoni bila kukitazama. Akatafuna mara mbili, kisha akaacha kutafuna. Macho yakamjaa machozi, akaweka kiganja mezani.

"Ni yenyewe," alisema.

"Nini?"

"Chachu yangu. Nimeila tangu sina meno. Ni yenyewe, iko hai."

Wenzake wakaonja tena, polepole zaidi, na hata Egidio akatikisa kichwa kukubali. Delfina alikuwa ameshafika jikoni.

Mpishi, mtu mrefu aliyeitwa Osvaldo, hakuwa na la kuficha. Alifungua jiko saa kumi na moja alfajiri na kukuta bakuli juu ya meza, limefunikwa kwa taulo safi la hoteli, na ndani donge la kilo mbili hivi, limeumuka vizuri, lina harufu ya maziwa na tufaha. Alidhani ni zawadi ya wageni. Nani angeleta unga mzuri namna ile jikoni kwa watu kama si waokaji?

"Mzuri namna gani?"

"Wenye nguvu. Unavutika kama mpira, haukatiki. Hapa kwetu hatuuzi unga huo. Huo ni wa panettone."

Delfina alisimama jikoni kwa dakika nzima, na mpishi akamwacha. Chachu ikilishwa huongezeka. Ukiilisha mara mbili kwa siku na kubakiza donge dogo tu, kila mara kuna ziada, na ziada ya tangu Jumanne jioni ilikuwa imefika kilo mbili. Mwizi yeyote mwingine duniani angeitupa kwenye pipa na hakuna ambaye angejua. Huyu alishindwa. Alikuwa mtu ambaye hata mkate ukianguka chini huuokota na kuubusu, na mtu huyo alishuka gizani na bakuli, akahatarisha kila kitu, ili kilo mbili za chachu zisiende takatakani.

Mambo mawili zaidi yalimfikia hapo hapo. Bakuli liliwekwa kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo mwizi alilisha mnamo saa kumi alfajiri, si saa kumi na mbili kama alivyoambiwa na Teresio. Na unga haukununuliwa njiani. Ulitoka nyumbani, ukapangwa ndani ya mzigo kabla safari haijaanza.

Saa tatu asubuhi Nevio alipakia masanduku. Delfina alisimama kando yake na mwavuli, akamwomba kitu kimoja: ayalinganishe na Jumapili.

"Yamenenepa yote," Nevio alisema, akihema. "Jibini la Parma, soseji za Bologna, ngozi za Firenze. Huyu wa kiti cha tatu amenunua sanamu, naapa." Akashika sanduku la kahawia lenye mkanda, akajitayarisha kulivuta, likamjia mkononi kirahisi hadi akayumba. Akalitazama. "Hili ndilo lililonivunja mgongo."

"Sasa je?"

"Hili peke yake limekonda."

Delfina akamwambia alipakie kwa heshima na asiseme lolote mpaka Roma. Nevio hakusema, lakini alipokaa kwenye usukani aliwasha redio.

Roma, siku hiyo hiyo, saa kumi na nusu jioni, Delfina aliwakusanya kwenye chumba cha kulia cha hoteli. Alimwomba Teresio akae mezani mbele na boksi lake. Alieleza kwa ufupi, kama alivyokuwa akisoma taarifa mbele ya hakimu: dakika sita za Firenze; mfuko wa Egidio uliokuwa haujafunguliwa (mengine ya sanduku lake hakuyataja); chumba kimoja kilichokataa joto, kwa sababu chachu iliyofungwa kwa kamba haitaki joto la hita; bakuli la alfajiri; na sanduku lililopungua uzito wakati mengine yote yakiongezeka. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa sababu kabla hajamaliza Armida Sacco alikuwa ameshasimama.

"Nakwenda kuileta," alisema.

Alipanda juu, akashuka baada ya dakika tatu na furushi jeupe limekumbatiwa kifuani, akaliweka mezani mbele ya Teresio. Kamba ilikuwa imekaza mpaka imezama kwenye kitambaa, ishara kwamba kilicho ndani kinasukuma. Teresio alimtazama Armida kama mtu aliyeona kiti chake cha nyumbani kikitembea.

"Wewe?" akasema. "Wewe, Armida? Umekosa nini kwangu?"

"Nilisikia kwa mteja," Armida alijibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Yule mama mwenye mbwa. Alikuja kununua mkate akaniambia pole, nasikia mnafunga mwisho wa mwezi, na chachu inakwenda Napoli. Nilikuwa nimeshika chachu hiyo mikononi wakati ananiambia. Nikamfungia mkate wake. Jioni nikapakia kilo tano za unga."

"Ningekuambia."

"Lini?"

Teresio alipata hasira, akamgeukia Delfina, akataka iandikwe kwamba ameibiwa na mwizi amekiri mbele ya watu ishirini na wawili. Delfina akafungua ukurasa mpya. Alisema yuko tayari, ila kuna utaratibu. Mtu akija kituoni kusema ameibiwa baiskeli, huulizwa aieleze baiskeli yake. Mwenye mali aeleze mali yake.

"Inakula unga kiasi gani?"

"Wa kutosha. Inategemea."

"Maji?"

"Glasi. Ya moto kiasi, kama ya kuogea."

Kwenye meza za nyuma kuligunwa. Mwokaji mmoja alifunika uso kwa kofia yake. Delfina aliendelea bila kuinua macho. "Na sasa hivi, ilivyo hapo mezani, ina njaa au imeshiba?"

Teresio aliweka mkono juu ya furushi. Wote waliokuwa mle ndani wangeweza kumjibia, hata Egidio wa hamira, na yeye mwenyewe alijua kwamba wangeweza. Mkono ulibaki hapo. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kuanzia shingoni, juu ya skafu.

"Ina njaa," Armida alisema. "Imepitisha nusu saa. Inakula saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, maana saa kumi na mbili mimi nafungua duka na wewe unaamka. Unga uzito wake yenyewe. Maji chini ya nusu ya hapo, na uyajaribu kwenye kifundo cha mkono. Ukiyasikia, yana joto au yana baridi, subiri. Jumatatu Bologna mlango wako ulikuwa wazi. Nilikuona unaitilia maji ya bomba la moto. Nilikuwa nimeshakusudia, lakini hapo ndipo nilipojua kwamba nitafanya."

"Ungeweza kukata kipande," Delfina alimwambia. Swali hilo lilikuwa limemsumbua tangu Siena. "Miaka thelathini na minane, kila alfajiri peke yako. Kipande kimoja, na hakuna ambaye angejua. Kwa nini ubebe yote?"

Armida alipangusa unga usiokuwepo kwenye sketi yake.

"Kipande sikukitaka. Nilitaka aamke asubuhi moja akute hakuna, kisha ajiulize nani alikuwa anailisha. Hilo tu. Nikajua atanijia mimi kwanza. Mwenye kuishika kila siku ni mimi, mwenye unga ni mimi, niliyekuwa na sanduku wazi pale Firenze ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yote." Akamgeukia Teresio. "Ukamshuku dereva ambaye hata hajui inafananaje. Ukamshuku Egidio. Inspekta alipofika kwangu ukamwambia anapoteza muda. Siku tatu nimekaa karibu na wewe nakukatia nyama, Teresio, na hukunishuku hata mara moja."

Ilikuwa shutuma ya ajabu, na katika miaka yake yote ya kazi Delfina hakuwahi kusikia mwizi akimlalamikia aliyeibiwa kwa kutomshuku. Hata hivyo ilimwingia. Alikumbuka kiti cha saba ndani ya basi, jina aliloliandika akalipita, na akaona haya kwa ajili yake mwenyewe pia.

Teresio akalisukuma daftari la Delfina polepole kwa kidole, likafunga.

"Sina cha kuandikisha," alisema. Alisimama, akaenda meza ya pembeni, akarudi na jagi la maji na glasi, akaviweka mbele ya Armida. "Nionyeshe."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Waokaji wakasogea kuzunguka meza. Armida alifungua kamba, akafunua kitambaa, akamshika Teresio mkono, akammiminia maji tone moja kwenye kifundo. Akamwuliza anasikia nini. Yeye, mwokaji wa kizazi cha tatu, akasema hana hakika. Hakuna aliyecheka. Nevio, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, alifuatwa na Teresio baadaye na kuombwa radhi kwa maneno manne tu. Akayapokea, akaenda kulala mapema.

Jumamosi, saa sita na dakika arobaini mchana, basi lilisimama kwenye uchochoro wa Napoli, nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu, na pikipiki zikaanza kulipigia honi papo hapo. Loredana Allasia alitoka dukani mwake mbio, aproni nyeupe, nywele zimefungwa, akamkumbatia baba yake kwenye ngazi. Akamtazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Yote miwili ilikuwa mitupu.

"Baba, chachu iko wapi?"

Teresio alisogea pembeni kupisha mlango.

"Muombe mwenye nayo," alisema. "Anashuka."